Mita 24 kwa Sentimita 10

Mhadhara juu ya presha, kriki na freni, uliotolewa Bukavu mbele ya mafundi, madereva na wanafunzi wa shule za ufundi



Hii mnayoiona hapa mbele ni kriki. Wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita jeki. Sisi jina tumelichukua kwa Wafaransa, chombo ni kilekile. Ni kriki ya chupa, ubavuni imeandikwa tani 5, rangi yake nyekundu imebanduka. Niliinunua ikiwa imetumika, kwa bei iliyoniambia mapema kwamba ina ugonjwa. Nao ugonjwa wenyewe ni huu: inapanda vizuri, lakini ukiiacha na mzigo juu, inashuka. Haiporomoki. Inashuka polepole, kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Nimeiweka chini ya ubao wenye mifuko minne ya simenti, na pembeni nimepanga matofali ili ubao usije ukamwangukia mtu. Pistoni nimeipiga mstari wa chaki. Iacheni ikae hapo wakati tunazungumza. Kabla hatujaondoka tutatazama mstari umefika wapi, kisha tutaifungua.

Neno langu la leo ni moja. Kriki haizalishi nguvu ya bure. Freni haizalishi nguvu ya bure. Hata ile mashine kubwa ya kuchimba inayokuja kuondoa udongo barabarani mvua ikibomoa kilima, mkono wake hauna nguvu ambayo injini haikuilipia. Vyombo hivi vyote vinabadilisha mwendo kwa nguvu. Ni kama mnavyokwenda kwa kambisti: unaweka noti moja ya dola, unaondoka na bunda la faranga. Bunda ni nene, linajaza mfuko, lakini thamani yake ni ileile ya noti uliyoiacha, toa kile kidogo alichokata kambisti. Katika mashine, kambisti huyo ni msuguano, na hakuna mashine asiyoidai.

Tuanze na presha yenyewe. Vitabu huiita shinikizo, wengine kanieneo. Mimi nitasema presha kwa sababu ndilo neno la garaji. Wengi wakisikia presha hufikiri ni jina jingine la nguvu. Sivyo. Presha ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo inaloshukia. Watazameni akina mama wanaopandisha mizigo kutoka ziwani kuelekea soko la Kadutu, mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Uzito ni uleule, kilima ni kilekile. Lakini aliyekunja kitambaa kipana akakiweka chini ya kamba anafika na paji zima, na aliyepitisha kamba tupu anafika na mfereji kwenye ngozi. Kamba ya upana wa sentimita 1 ikibadilishwa kwa ukanda wa sentimita 5, presha inabaki sehemu moja ya tano, na kwenye mzigo haikupungua hata kilo moja. Mama yangu alibeba hivyo. Siku mwalimu alipoandika fomula ya presha ubaoni, mimi nilikuwa nimeshaiona usoni mwa mama miaka mingi kabla.

Sasa, kitu kigumu kama nondo hupeleka nguvu kule kule ulikokisukumia. Kimiminika hakifanyi hivyo. Maji yaliyofungiwa, ukiyasukuma mahali pamoja, presha inaenea pande zote, juu, chini, kwenye kona, nyuma ya mfuniko, na kila sentimita ya mraba ya ukuta inapata kiasi kilekile. Nalirudia hilo: kila sentimita ya mraba. Ukuta wa sentimita 1 unapata fungu moja. Ukuta wa sentimita 16 unapata mafungu 16. Nguvu inaongezekea hapo, wala haiongezekei mahali pengine popote.

Naomba watu wawili. Wewe dada wa mstari wa mbele, na wewe kaka mwenye mabega ya mpakuzi. Shikeni seringi hizi mbili. Zimeunganishwa kwa mrija wa dripu. Dada ana ndogo, ya mililita 5. Kaka ana kubwa, ya mililita 50. Ndani ni maji matupu niliyoyatia rangi ili mwone. Sukumaneni.

Mmeona. Dada anasukuma kwa dole gumba moja, na kaka amekunja uso. Pistoni ya seringi kubwa ina eneo kama mara tano ya ile ndogo, kwa hiyo kaka anashindana na madada watano. Lakini msitazame uso wa kaka, tazameni mwendo. Dada ameingiza pistoni yake sentimita 4 nzima. Ya kaka imerudi nyuma chini ya sentimita 1. Noti imetoka, bunda limeingia.

Sasa namwaga maji, naacha hewa kwenye mrija na kwenye nusu ya seringi. Dada, sukuma tena kwa nguvu ileile. Pistoni yake inazama, inazama, na ya kaka haijatikisika. Ametoa mwendo wake wote na hakupewa kitu, kwa sababu hewa imejikunja tu mle ndani. Asanteni, kaeni. Picha hii ya mwisho msiipoteze, tutaihitaji njiani kwenda Uvira.

Aliyeliandika jambo hili waziwazi ni Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa Clermont mwaka 1623 na kufa mwaka 1662, hajatimiza miaka 40. Maandishi yake juu ya usawa wa vimiminika yalichapishwa mwaka 1663, yeye akiwa kaburini. Mle alieleza chombo kilichojaa maji chenye matundu mawili, moja likiwa kubwa mara 100 kuliko lenzake, kila tundu na pistoni yake. Akasema mtu mmoja akisukuma kwenye tundu dogo atalingana na watu 100 kwenye lile kubwa. Ndicho walichotuonyesha dada na kaka. Kinachonifanya nimheshimu Pascal ni kwamba hakukomea kwenye maajabu. Palepale alionyesha kuwa pistoni ndogo ikiingia inchi moja, ile kubwa inasogea sehemu moja tu ya mia ya inchi. Aliona deni mara ileile alipoiona faida.

Kuna jambo jingine juu yake ambalo mtu wa Bukavu hapaswi kulikosa. Tarehe 19 Septemba 1648, shemeji yake Florin Périer alipanda, kwa ombi la Pascal, mlima uitwao Puy de Dôme, volkano iliyozimika karibu na Clermont, akiwa na mrija wa zebaki. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka karibu sentimita 8. Ikathibitika kwamba hewa nayo ina uzito, inatukandamiza, na kadiri unavyopanda inakandamiza kidogo zaidi na zaidi. Kilele kile kiko mita 1,465 juu ya bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi. Yaani kule walikopanda kutafuta hewa nyepesi, ndiko usawa ambao sisi tunaogeshea watoto ufukweni. Ndiyo maana maji ya chai hapa mjini yanachemka kwenye nyuzi 95, hayangoji 100.

Na ziwa lenyewe ni mwalimu. Lina kina cha mita 485 hivi, na kule chini presha ni zaidi ya mara 50 ya hewa hii tunayovuta. Presha hiyo ndiyo inayoishikilia gesi iliyoyeyuka majini, kaboni dayoksaidi na metani, isitoke. Ile ya ziwa imeletwa na uzito wa maji yaliyo juu, na ya kriki imeletwa na mkono wa mtu. Zikishaingia ndani ya kimiminika hazina kabila, ni presha tu.

Turudi kwenye kriki. Ndani ina vyumba vitatu. Cha nje, kinachozunguka, ni tangi la mafuta. Katikati kuna silinda kubwa yenye pistoni inayobeba gari. Pembeni, chini ya mkono, kuna silinda nyembamba yenye pistoni ya unene wa kidole cha mwisho. Kati ya vyumba hivyo kuna gololi mbili za chuma, ndogo kama punje za mtama. Ukinyanyua mkono, gololi ya kwanza inafungua na mafuta yanaingia kutoka tangini. Ukikandamiza, hiyo inajifunga, ya pili inafungua, mafuta yanapita kwenda chini ya pistoni kubwa. Ukinyanyua tena, ya pili inajifunga, na gari linabaki lilipo. Gololi mbili, basi; hakuna ujanja mwingine. Halafu chini kabisa kuna skrubu ya kuachia, nayo inakandamiza gololi yake ya tatu. Ukiilegeza, mafuta yanapata njia ya kurudi tangini na gari linashuka.

Nimeipima hii. Pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimita 1, kubwa ina sentimita 4. Wanafunzi wengi hapa husema kubwa ni mara 4. Hapana. Eneo la duara linakwenda kwa kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo ni mara 16. Mkono nao ni wenzo: kutoka egemeo hadi pistoni ndogo ni sentimita 3, kutoka egemeo hadi ninaposhika ni sentimita 45, mara 15. Zidisheni 15 kwa 16: 240. Nikikandamiza kwa nguvu ya kilo 20, ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza, pistoni kubwa inasukuma kwa kilo 4,800. Ndizo hizo tani 5 za ubavuni.

Sasa tulipe. Kila nikikandamiza, pistoni ndogo inaingia sentimita 2. Kubwa inapanda sehemu ya kumi na sita ya hapo, milimita 1 na robo. Ili gari lipande sentimita 10 nikandamize mara 80. Kila mara, ncha ya mkono inashuka sentimita 30. Mara 80 ni mita 24. Mkono wangu umetembea mita 24 ili gari lipande sentimita 10. Gawanyeni wenyewe: 240. Namba ileile imerudi, na isingeweza kurudi namba nyingine.

Ningependa kila kijana anayeshika kriki aifanye hesabu hii mara moja katika maisha yake, kwa rula na kalamu. Akishaifanya hatadanganywa tena na muuzaji anayemwambia ana pampu inayotoa nishati nyingi kuliko inayoingia, wala hatalalamika kwamba kriki ya tani 20 inapanda polepole kuliko ya tani 2. Lazima iwe polepole. Polepole ndiyo bei yake.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Ndani ya silinda nyembamba, katika hesabu yetu, presha inafika karibu kilo 380 kwa kila sentimita ya mraba, zaidi ya mara 150 ya presha ya tairi la gari dogo. Bomba la mashine likitoboka kitundu cha sindano, usikitafute kwa kidole. Mafuta yanapenya ngozi kama risasi nyembamba. Jeraha linaonekana kama la mwiba, halitoki damu ya maana, na mtu anarudi kazini; huku ndani mkono unaanza kufa. Aende hospitali saa ileile, na amweleze daktari kwamba ni mafuta ya presha. Kuvuja kutafutwe kwa kipande cha karatasi ngumu.

Nimesema Pascal aliandika na maandishi yakatoka 1663. Mashine ya kukandamiza iliyofanya kazi kwa kanuni hiyo ilipatiwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1795, mikononi mwa Joseph Bramah, seremala na mtengeneza makufuli wa Uingereza. Miaka 132 katikati. Kwa nini? Fikra ilikuwepo, chuma kilikuwepo. Kilichokosekana ni kizibo. Pistoni ikibanwa sana haisogei. Ikiachiwa, maji yanapita pembeni na presha inapotea. Suluhisho hutajwa kuwa la kijana Henry Maudslay, aliyeingia karakana ya Bramah akiwa na miaka 18. Ngozi ilikunjwa kama kikombe, mdomo wake ukaelekezwa kule presha inakotoka. Maji yakisukuma, yanaupanua mdomo na kuubana kwenye ukuta. Presha ikipanda, kizibo kinakaza. Ikishuka, kinalegea na pistoni inarudi kwa urahisi. Maji yaliyokuwa yakitafuta njia ya kutoroka yakawa ndiyo yanayofunga mlango. Ni kipande cha ngozi tu, lakini bila hicho hesabu yote ya Pascal ingebaki kwenye karatasi. Miongo michache baadaye, kwenye daraja la Britannia lililofunguliwa huko Wales mwaka 1850, mashine za namna hiyo zilipandisha mabomba ya chuma ambayo kila moja lilizidi tani 1,000.

Vikombe vya mpira mnavyovikuta ndani ya silinda za freni ni wajukuu wa ngozi ile. Na sasa nafika kwenye freni, na hapa nitakaa, maana hapa watu wanakufa.

Barabara ya Uvira ikishapita Nyangezi inafika Ngomo. Nani ukumbini humu haijui Ngomo? Njia inaanguka kuelekea Kamanyola na bonde la Ruzizi, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Chukueni gari la tani 2, pamoja na abiria na magunia yao, literemke kimo cha mita 500. Nishati linayoiacha njiani inatosha kuchemsha lita 30 za maji baridi: bidoni moja nzima ya lita 20 na nusu ya pili. Moto huo wote lazima uende mahali. Dereva akiwa kwenye gia ya chini, injini inaubeba sehemu kubwa. Akitoa gia ili kuokoa mafuta, moto wote unaingia kwenye freni.

Tazameni nguvu inavyosafiri. Mguu unakandamiza pedali, nayo ni wenzo. Pedali inasukuma pistoni ya silinda kuu chini ya boneti. Kutoka hapo presha inapita kwenye mabomba membamba hadi kwenye magurudumu, ambako pistoni pana zaidi zinazibana plaketi, yaani pedi za freni, kwenye diski. Mguu unakwenda sentimita kadhaa, plaketi zinasogea chini ya milimita moja. Deni ni lilelile la kriki. Na kwa kuwa presha ni sawa kila mahali, gurudumu la kushoto na la kulia yanapata haki sawa bila fundi kurekebisha waya mmoja mmoja kama zamani. Hiyo ndiyo faida iliyowavutia watu wa mwanzo, Malcolm Loughead aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1917, na kampuni ya Duesenberg iliyoweka freni za haidroliki, yaani za kimiminika chenye presha, kwenye magurudumu yote manne ya gari lake la mwaka 1921. Makamyo makubwa hutumia hewa iliyobanwa, mambo yao ni mengine. Ila habari ya moto inayahusu nayo.

Tunasema mafuta ya freni, lakini katika magari mengi si mafuta. Ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, na kina kiu: kinanyonya unyevu kutoka hewani, kupitia mfuniko, kupitia mipira yenyewe. Chupa iliyoandikwa DOT 4, ikiwa mpya, haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kipimo kinashuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Nasi tunaishi mji wa mvua na ukungu wa ziwa, na wengi wetu hatujawahi kubadilisha kimiminika hicho tangu gari linunuliwe, tunaongeza tu.

Sasa unganisheni. Kimiminika cha miaka mingi, Ngomo, gia imetolewa, mguu umekaa kwenye pedali kona baada ya kona. Karibu na gurudumu kimiminika kinachemka. Mapovu ya mvuke yanatokea, na mvuke ni gesi, na gesi hujikunja. Ni ile seringi ya dada iliyojaa hewa. Pedali inazama mpaka sakafuni, mwendo wote umetolewa, nguvu haikuja. Na hili ndilo linaloniumiza zaidi: gari likishapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika. Fundi anakuja kesho yake, anakanyaga, pedali ngumu kabisa. Anaapa kwamba freni ni nzima, na watu wanaanza kunong'ona juu ya mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Kulikuwa na maji ndani ya chupa ndogo chini ya boneti.

Nilipokuwa kijana nilijifunza kazi katika garaji moja ambayo sitaitaja. Siku moja kimiminika cha freni kilikuwa kimeisha, na mkubwa wetu akasema tuongeze mafuta ya injini, mafuta ni mafuta. Chupa niliimimina mimi. Baada ya wiki mbili gari lile lilirudi likivutwa kwa kamba. Tulipofungua silinda, vikombe vya mpira vilikuwa vimevimba na kulegea kama uyoga uliochemshwa, midomo yao imekunjikia ndani. Nilikiminya kimoja, kikabaki na alama ya ukucha wangu. Mpira ule ulitengenezwa kukaa ndani ya glaikoli. Mafuta ya injini unayanywa na kuharibika. Gari lilisimamishwa na tuta la mchanga, na mama mmoja aliyekuwa ndani alivunjika mkono. Hakufa mtu. Lakini alama ile ya ukucha ninaiona hadi leo, na ndiyo sababu niko mbele yenu.

Kwa hiyo nawasihi, mafundi wenzangu. Msitie mafuta ya injini, msitie maji ya sabuni. Chupa ikifunguliwa itumike au ifungwe vizuri, isikae miezi kwenye rafu bila kifuniko. Kimiminika kibadilishwe chote kila baada ya miaka miwili. Na mnapotoa hewa, wekeni mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, ncha yake izame kwenye kimiminika safi, na kazi iendelee mpaka povu la mwisho limepita, hata kama mwenye gari amesimama nyuma yenu akitazama saa.

Mtu mmoja aliniuliza pale mlangoni: je, umeme wa Ruzizi nao si haidroliki? Swali zuri, maana maneno yanafanana. Ruzizi I, inayofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi, zinakula kimo: mto unatoka ziwani kwenye mita 1,460 na kuingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Pale kuna nishati inayoingia kila siku. Jua limeyapandisha maji, mvua imeyaleta, nasi tunayatoza yakishuka. Kriki haina mto nyuma yake, ina bega lako. Ila ndani ya vituo vya namna hiyo kriki ipo kwa sura nyingine. Jioni mji ukiwasha taa, milango midogo inayoelekeza maji kwenye turbini inatakiwa ifunguke zaidi, ikisukumana na mto, na kwa sekunde chache. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na pistoni za mafuta yenye presha.

Na kwa akina mama wa Uvira na Fizi wanaokamua mawese, nina neno fupi. Kriki ya tani 10, ikiwekwa ndani ya fremu ya mihimili ya chuma, juu ya ndoo ya chuma yenye matundu, ni mashine ya kukamua. Polepole ya kriki hapa inageuka kuwa faida, kwa sababu chikichi hazitaki kupigwa, zinataka kukandamizwa na kungojewa, mafuta yapate muda wa kutoka kati ya nyuzi. Lakini fremu itabeba tani 10 zilezile ambazo kriki inazitoa, juu na chini. Achomelee mtu anayejua kuchomelea.

Sasa mstari wetu wa chaki. Njooni karibu, walio mbele. Ulikuwa juu ya mdomo wa silinda kwa upana wa vidole viwili, umeshazama, hauonekani. Hakuna aliyeugusa. Ndiyo maana kuna matofali chini ya ubao, na ndiyo maana hakuna mtu wa kuingia chini ya gari lililosimama juu ya kriki peke yake, hata kriki ikiwa mpya, hata kwa dakika moja, hata kuokota bulonge iliyoanguka.

Naondoa mzigo. Namwaga mafuta kwenye beseni jeupe. Yana rangi ya chai iliyokaa, na yalipaswa kuwa na rangi ya asali. Natazama vikombe vya pistoni kubwa: midomo ni mizima, haijachanika. Kwa hiyo mafuta hayapiti hapo. Nafungua skrubu ya kuachia mpaka mwisho. Gololi inadondoka mkononi, inang'aa, haina kovu. Natia kijiti chenye pamba kwenye kiti chake, nakizungusha, natoa. Dada wa seringi, una macho mazuri, njoo utazame kwenye pamba. Ni nini hicho? Mchanga. Punje moja, ndogo kuliko chembe ya unga wa muhogo. Ilikuwa imekaa kati ya gololi na kiti chake, ikaacha pengo la unene wa unywele, na mafuta yakapitia hapo kurudi tangini, tone kwa tone, mifuko minne ya simenti ikiyasukuma.

Nasafisha kiti. Natia mafuta mapya, nayachuja kwa kitambaa kwanza. Nafunga skrubu. Narudisha ubao, matofali na simenti, nakandamiza mkono. Haya, mstari mpya wa chaki huo. Tuuache hapo tukijibu maswali. Ukishuka tena, basi kriki hii ina ugonjwa wa pili, na tutautafuta pamoja.